Marehemu Anasikiliza Redio

Kwa mliokuwa mkiniombea tangu wiki jana, asanteni, lakini sasa pumzikeni kidogo. Nilichokiomba nimepewa. Na usingizi haujanijia tangu nipewe.

Mgeni uliyekuta tumeshaanza, usione haya, vuta kigoda. Nitakupa kwa ufupi.

Karakana ya viti vya magari nilikokuwa fundi ilipigwa kufuli. Mume wangu akaaga anakwenda kwa kinyozi, na mpaka leo sijui ni ndevu gani hizo zisizokwisha kunyolewa. Halafu mama akateleza bafuni. Nyonga ikavunjika, akalazwa kitandani asiinuke tena, mgongo ukaanza kuota vidonda.

Mimi kazi yangu ni sponji, kitambaa na zipu. Nikakata sponji vipande, kila kipande nikakishonea mfuko wake, nikaviunganisha vikawa godoro. Palipo na kidonda unafungua zipu, unachomoa kipande cha chini yake, ngozi inapumua. Mama akalilalia godoro lile, vidonda vikafunga kimoja kimoja.

Muuguzi aliyekuwa akija kumsafisha akasema, "Hii ni biashara, dada. Kainadi."

Ndiyo nikajiandikisha kwenye shindano. Unafundishwa kunadi wazo lako, kisha siku ya mwisho unasimama mbele ya watu wenye mitaji. Mshindi anapewa karakana na mashine zake ndani.

Karakana yenyewe tulionyeshwa mapema, tupate uchu. Wenzangu walikimbilia mashine. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha kubwa na mlango mpana, kitanda kinapita bila kukunjwa miguu. Nikasimama pale nikaona kila kitu: mimi nashona huku, mama amelala kule, redio yake inaongea, naye ananisema kwa nini uzi wangu umepinda.

Nilikitaka kile chumba kuliko mashine zote. Shikeni hilo, maana ndilo lililonifikisha hapa.

*

Mwalimu wetu tulimwita Mwalimu Funguo. Kabla hujafungua mdomo aliweka funguo zake za gari mezani.

"Mimi ndiye mwenye mtaji," alisema. "Nikishika funguo, nimeshaondoka. Wewe endelea kuongea na kiti."

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza. "Waheshimiwa, godoro langu limetengenezwa kwa sponji ngumu, unene wake..."

Cha! Funguo mkononi.

"Mwalimu, hata kwenye zipu sijafika!"

"Zipu kionyeshe kiti."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikakaa, masikio yanawaka.

Baada ya darasa akaniita. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa anajua kazi yake, na ndiyo tabu yenyewe.

"Nani analala kwenye hilo godoro?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Wagonjwa ni wengi, kila mtu ana wake. Nipe mmoja nimwone mpaka kucha."

"Mama yangu."

"Haya. Kesho anza na yeye. Sponji isubiri nje."

Kesho yake nikaanza na mama. Nikasema alivyoteleza. Nikasema alivyokuwa anang'ata pindo la shuka tukimgeuza, majirani wasisikie. Funguo zikabaki mezani. Nikaona watu wamesogea mbele kwenye viti vyao, nikajua nimewashika.

"Halafu?" akauliza Mwalimu Funguo.

"Halafu nikamtengenezea godoro, vidonda vikafunga."

"Halafu? Sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anasikiliza redio."

Cha!

"Ala! Umenipandisha mlima mpaka kileleni," akasema, "halafu unaniambia kuna redio?"

"Ndiyo ukweli, mwalimu."

"Sijakwambia udanganye. Nimekwambia hadithi yako haina mwisho. Hajapona, bado kalala. Hajafa, bado yupo. Mimi nilie au nishangilie? Nenda katafute mwisho."

*

Nyumbani nikamkuta mama na redio yake kifuani, kama kawaida. Dada yangu, ambaye ni msusi, huwa anahamishia wateja wake uani kwetu ili mama asibaki peke yake nikiwa sipo. Alikuwa anakusanya vitana vyake aondoke.

"Umewauzia?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Najua kosa lako. Unataja kitambaa kabla mtu hajapenda nguo." Mama aliuza mitumba sokoni maisha yake yote, na ule mdomo wake wateja walikuwa wanaufuata kuliko nguo zenyewe. "Mimi nilikuwa namvalisha mtu kwanza. Akishajiona kwenye kioo, mwenyewe hataki kuvua."

"Wenye mitaji hawavai godoro, mama."

"Kila mtu ana kitu anachovaa. Mtafutie."

Nikacheka. Naye akacheka, akashika mbavu, maana kicheko kilimuuma nyongani. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sijakisikia tena.

Siku iliyofuata nikasimama tena mbele ya darasa. Sikupanga. Naapa kwa jina la aliyenizaa, sikupanga. Nilifungua mdomo, likatoka.

"Marehemu mama yangu..."

Jamani, kuna maneno yakitoka hayarudi. Nililisikia likitua mle ndani, nikasikia na viti vikiacha kulia.

Na mimi, badala ya kuuma ulimi, nikaendelea. Nikasema nilichelewa. Nikasema nilipomaliza kushona, mama alikuwa ameshachoka. Nikamlaza juu ya godoro, akalala usingizi wake wa kwanza bila kulia. "Asubuhi," nikasema, "hakuamka."

Machozi yalinitoka ya kweli. Sijui yalitoka wapi.

Mwalimu Funguo hakushika funguo. Akasema taratibu, "Ukisema 'hakuamka', nyamaza. Usiongeze neno mpaka mtu akohoe. Akikohoa, hapo ndipo waambie unachotaka."

"Lakini mwalimu, mama yangu..."

"Mimi sikuulizi kitu," akanikatisha. "Na wewe usinijibu."

Mwenzangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wazo la kukausha mboga, akanishika bega. "Pole sana, mwenzangu."

"Nimeshapoa," nikamjibu.

Nimeshapoa! Mama yangu yuko kitandani anabishana na mtangazaji wa redio, mimi nimeshapoa.

*

Jioni ile niliingia ndani kwa haraka kuliko siku zote. Alikuwepo. Macho wazi, redio kifuani.

"Mwanangu," akasema, "leo mchana nimeota mnaniosha."

"Si dada huwa anakuosha kila siku?"

"Hapana. Mlikuwa mnaniosha mmenyamaza wote."

Nikamshika miguu nimkande. Ilikuwa ya baridi. Nikajiambia ni upepo wa dirishani, nikafunga dirisha. Miguu ikabaki ya baridi.

Tangu tuko wadogo tunaambiwa maneno huumba. Mtoto akisema "nakufa njaa" anapigwa kofi la mdomo. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga hilo kofi, na mkono wake haukuwa mwepesi.

Mtasema kwa nini sikuacha. Nilitaka kuacha. Lakini kila nikijaribu kusema hadithi ya kweli, ile yenye redio, maneno yalitoka makavu na funguo zikalia. Nikirudisha "marehemu", funguo zinatulia. Mtu hukizoea haraka kitu kinachompa.

Nikawa nafanya mazoezi asubuhi, uani, naosha vyombo. Dirisha la mama liko pale pale juu ya karo. Nilikuwa nasema kwa sauti ya chini, huku redio yake inaongea ndani, nikidhani inanifunika.

Nilichelewa kugundua kitu. Kila nikifika penye "marehemu", redio ilikuwa inapunguzwa.

Siku moja nikafika penye "hakuamka", nikanyamaza nilivyofundishwa. Redio haikusikika kabisa. Nikasikia kikohozi kutoka dirishani.

Sufuria ilinitoka mikononi.

Nikaingia ndani mikono ina povu. Mama alikuwa anatazama dari.

"Umenizika vizuri," akasema.

"Mama, ni zoezi tu! Ni maneno ya darasani, wanatufundisha hivyo."

"Nauliza tu. Mbele ya watu, ulilia?"

"Mama..."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Vizuri. Mtu asizikwe kwa macho makavu." Akavuta shuka kifuani. "Na wananunua?"

"Wananunua, mama."

Akageuzia uso ukutani. "Basi usinifufue hovyo."

Nilitamani anitukane. Nilitamani anirushie ile redio. Hasira za mama nazijua, nimekua nazo, zinapita kama mvua ya jua. Ule utulivu sikuujua, na uliniogopesha.

Kuanzia hapo redio haikuwashwa tena. Alivua hereni zake akampa dada, akasema masikio yamechoka. Chakula alikuwa anashika tonge moja, analizungusha, analirudisha. Nikimwita haitiki mara ya kwanza.

"Mama!"

Kimya.

"Mama!"

"Unaniita mimi?" anasema, kana kwamba kuna mwingine mle ndani.

*

Wiki ya mwisho Mwalimu Funguo akataka godoro liletwe darasani kila siku ya mazoezi.

"Nitashona jipya zuri," nikasema.

"Jipya la nini? Lete lile alilofia."

Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa. Nami nikaitikia.

Basi nikawa asubuhi namvuta mama taratibu upande mmoja, nachomoa godoro, namwekea lile la zamani jembamba lililobonyea. Jioni narudi nalo, natandika. Mchana kutwa, wakati mimi nawaonyesha watu godoro linalookoa migongo, mgongo uliolizaa umelalia mbao.

Dada alinisema. "Wewe una akili kweli? Unamvua mgonjwa kitanda?"

"Ni wiki hii tu, dada. Nikishinda, mama anahamia chumba chenye dirisha. Hutabeba tena wateja wako kuwaleta huku."

"Mama hajasema anataka dirisha."

Nikaendelea kukunja godoro. Nilikuwa nimeshajifunza kuongea na wenye mitaji tu.

Siku ya shindano ikafika. Nimeshalikunja godoro, nimelifunga kamba, niko mlangoni. Dada akanifuata mbio, mikono ina maji.

"Mgongo umefunguka."

"Nini?"

"Kidonda cha chini ya kiuno. Kimefunguka, na kina harufu. Njoo uone."

"Dada, nachelewa."

"Njoo uone kwanza!"

Hapa ndipo nawaungamia, ndugu zangu, mengine yote mnaweza kunisamehe. Sikwenda kuona. Nilijua nikiona sitaondoka. Nikasimama pale na godoro begani, naangalia viatu vyangu.

Sauti ya mama ikatoka ndani, nyembamba lakini safi.

"Mwache aende. Marehemu halalii godoro."

Nikaenda.

*

Ukumbini walikaa wenye mitaji watatu mezani, funguo zao mbele yao. Wanaume wawili, na katikati mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Yeye funguo zake hakuziweka mezani. Alizishika mkononi tangu mwanzo, kama mtu aliyelazimishwa kuja.

Nikatandika godoro sakafuni. Nikasimama pembeni yake.

Nilinadi, jamani. Sijawahi kuongea vile na sitaongea tena. Sikuitaja sponji. Nilimtaja mama na pindo lake la shuka. Nikafika mwisho. "Asubuhi, hakuamka."

Nikanyamaza nisubiri kikohozi.

Hakuna aliyekohoa. Ukimya ukaenda, ukaenda, nikaanza kusikia ndani ya kichwa changu kikohozi cha dirishani kwetu. Nikataka kuziba masikio.

Mama Miwani akaweka funguo mezani.

Akainuka, akazunguka meza, akapiga magoti kwenye godoro. Mama yangu alikuwa amelala pale upande mmoja kwa muda mrefu, akaacha bonde la mwili wake. Akaingiza kiganja kwenye lile bonde.

"Alikuwa mdogo wa mwili," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akanitazama juu ya miwani. "Mbona pana joto?"

"Ni jua, mama. Nimelibeba juani."

Akatikisa kichwa polepole, machozi yanashuka. "Mama yangu mimi alioza mgongo akiwa hai. Mimi nilikuwa na pesa ya kila kitu, nikakosa kitu kama hiki." Akainuka akanikumbatia mbele ya watu wote. "Mimi na wewe ni mayatima, mwanangu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waliposimama kutangaza nani ameshinda, hata hawakuhitaji kutangaza.

Mimi nilikuwa nimeganda kifuani kwa Mama Miwani, nanusa manukato yake, nafikiria kidonda chenye harufu.

"Nataka kukiona kitanda chake," akasema sikioni. "Twende sasa hivi. Nitakubebea na godoro."

"Mama, kwetu ni pabaya, hakuna hata pa kukaa."

"Mimi nimezaliwa pabaya kuliko kwenu. Twende."

Nikamtafuta Mwalimu Funguo kwa macho aniokoe. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma. Ameshashika funguo.

*

Ndani ya gari nikamwandikia dada kwenye simu: nakuja na mgeni, mtoe mama.

Akajibu: nimtoe wapi, kwani mama ni kabati?

Nikaandika: basi mwambie asiseme kuwa yeye ni mama yangu.

Simu ikakaa kimya barabara nzima. Tulipokata kona ya kwetu ikatetemeka.

Dada ameandika: mama anasema sawa.

Tukashuka. Uani hakukuwa na mteja hata mmoja wa kusuka. Dada alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, hakunisalimia. Akampisha mgeni.

Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, masikio matupu. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, na mashavu yana wekundu ambao kwa haraka ungedhani ni afya.

"Shikamoo, mama," Mama Miwani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani." Ile ilikuwa sauti yake ya sokoni. Sikuwa nimeisikia tangu aanguke. "Mimi ni mama yake mdogo huyu. Marehemu alikuwa dada yangu."

Nikashika ukuta.

"Poleni sana, mama. Kumbe na wewe unaumwa?"

"Kwetu mifupa ni urithi. Kitanda kakifia yeye, nimekirithi mimi."

Mama Miwani akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. "Niambie habari zake."

"Alikuwa anauza nguo kuukuu. Huyu kasomeshwa kwa mashati ya watu wengine." Mama hakunitazama. "Alikuwa mkali, mdomo kama wembe. Lakini alimpenda huyu binti yake, mpaka akawa anaona haya kumwambia."

"Na siku ile? Alikwenda vizuri?"

"Alikwenda asubuhi. Binti yake alikuwa anamchomoa kitu mgongoni, taratibu, asimwamshe. Naye alikuwa macho. Alinyamaza tu, aone kama mtoto atainama kuangalia mgongo."

"Akainama?"

"Alikuwa na haraka."

Mama Miwani akavua miwani akafuta. Alidhani analia kifo cha mtu mwingine. Dada alikuwa analia kwa kwikwi mlangoni, amejiziba mdomo kwa kanga. Mimi sikulia. Machozi yangu nilikuwa nimeshayatumia yote mbele ya watu.

"Nimeshaamua," Mama Miwani akasema. "Karakana ni yako, mwanangu. Na kile chumba cha nyuma chenye dirisha, hakina kazi. Tutakipa jina la marehemu. Tutaweka picha yake kubwa pale, kila anayeingia amwone."

Chumba changu. Kitanda changu kinachopita mlangoni.

Nikafungua mdomo niseme, mama akaniwahi. "Picha inamtosha," akasema. "Picha haihitaji kugeuzwa."

Mama Miwani akasimama, akatoa funguo mkobani. "Kaburi lake liko mbali? Nataka nikamwekee maua kabla jua halijazama. Nikilala bila kwenda, sitapata amani."

Hakuna aliyekohoa.

"Mimi mazishini sikuwepo," mama akasema. "Muulize huyo. Yeye ndiye aliyemzika."

"Nakusubiri kwenye gari, mwanangu," Mama Miwani akaniambia, akatoka anajifuta.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama..."

"Mama mdogo," akanisahihisha.

Nikamshika mkono. Ulikuwa unaungua. Nikamshika paji la uso, nikaondoa mkono haraka.

"Homa imepanda tangu mchana," dada akasema. "Muuguzi amepita, kasema apelekwe hospitali sasa hivi, sumu ya kidonda inaingia kwenye damu. Nimetafuta gari mtaa mzima, sijapata."

"Gari lipo nje! Tumbebe, dada. Mama, twende. Tutasema mama mdogo kazidiwa, atatupeleka tu."

Mama akanivuta nisogee. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya sufuria, akanitazama machoni.

"Mama mdogo hana mtoto," akasema taratibu. "Mama mdogo atabaki hapa hapa. Anayepelekwa hospitali na binti yake ni mama yako. Ukimtaka, nenda kamfufue. Mbele ya yule yule."

"Mama, tafadhali, hakuna muda wa haya!"

Akafumba macho. Nikamwita mama, hakuitika. Nikamwita tena, hakuitika. Nikamwita mama mdogo.

"Abee," akasema.

Honi ikalia nje.

Nikatoka mbio, miguu mitupu. Gari lilikuwa limeshawashwa, mlango wa upande wangu uko wazi, maua yapo kwenye kiti cha nyuma. Sijui aliyapata wapi upesi vile. Mama Miwani alikuwa ameshika usukani, anatazama barabara. Mbele yetu njia inagawanyika. Kulia ni hospitali. Kushoto ni makaburi.

"Niongoze, mwanangu," akasema. "Tunashika upande gani?"

Nikafungua mdomo.